Mrushaji wa Timu Iliyoshindwa

Katika ibada ya kumuaga Nderitu, kanisani Quakers Hill, magharibi mwa Sydney, binti yake alisoma historia ya maisha ya baba yake kwa Kiingereza, kisha mchungaji akaifasiri kwa Kiswahili, na kwa hiyo ule uongo niliusikia mara mbili. Ulikuwa sentensi moja tu, katikati ya habari za ndoa na za kazi: kwamba baba, alipokuwa bado kijana, ndiye aliyebuni njia ya kuwapata warushaji wazuri wa besiboli waliofichika ndani ya timu zinazoshindwa, na kwamba njia hiyo ndiyo iliyompa kazi yake ya kwanza ya maana katika nchi hii. Watu waliitikia kwa vichwa. Dada mmoja muuguzi aliyekaa kando yangu alininong'oneza, "Kumbe alikuwa kichwa hivyo!" Nikasema ndiyo, alikuwa kichwa. Binti hakuwa anadanganya. Alisoma alichoambiwa tangu utotoni. Nilimpa mkono wa pole mlangoni, nikapokea sahani ya pilau ukumbini, nikakaa na mjane robo saa bila kulitaja jambo lolote. Nina miaka arobaini na minne. Kwa miaka ishirini sijamsimulia mtu habari za mwaka ule. Sasa nazisimulia, wala si kwa kumshtaki marehemu, maana kama ni mashtaka, kuna jina jingine la kuweka chini ya lake, nalo ni langu.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa takwimu, nikiishi Kensington katika nyumba ya matofali mekundu, Wakenya watano kwa vyumba vitatu. Chumba cha nne kilikuwa sebule iliyogawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia alilala Nderitu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu na ndiye aliyeandika jina kwenye mkataba wa nyumba. Siku hizo hakukuwa na tramu pale, ni mabasi tu, na kila basi lililopita lilitikisa vikombe juu ya friji. Jikoni kulikuwa na meza ya mbao iliyolegea mguu mmoja, na kwenye meza hiyo ndipo tulipofanya kila kitu: kusoma, kupiga pasi, kunyoana nywele, kugombana kuhusu zamu ya kuosha vyombo. Jumamosi Nderitu alipika nyama ya kondoo na ugali, na mboga ya majani mapana ambayo Waaustralia hula na shina lake jeupe, lakini yeye aliikata nyembamba mpaka ukifumba macho ungedhani ni sukuma wiki. Nilimpenda kama kaka. Nilipotua Sydney mwezi wa saba, mwaka uliotangulia, yeye ambaye hakunijua ndiye aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi, kwa kuwa alihisi hakuna aliyemwonya msichana wa Mombasa kuhusu baridi ya huku. Koti lenyewe lilikuwa lake. Nilikaa nalo miezi miwili. Mtu akikuvika koti lake siku ya kwanza, huwezi kumchunguza sana siku ya mia tatu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye besiboli. Jumapili alikuwa anakaanga soseji katika kantini ya uwanja mmoja karibu na Rooty Hill, na klabu ndogo ya pale ilikuwa inatafuta mtu wa kuandika matokeo, mtu asiyechoka na hesabu. "Mwende," aliniambia, "kuna mchezo umetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kila kitu kinaandikwa. Hata mtu akikosa, anaandikwa amekosa vipi." Tulipanda treni pamoja, tukikula mandazi yangu kwenye karatasi, na yule kocha, mzee aliyestaafu udereva wa basi, akanifundisha daftari la mchezo kwa alasiri moja. Ni mchezo rahisi kuueleza. Mrushaji husimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anautupa mpira kwa mwenzake, na katikati yao amesimama adui mwenye gongo anayetaka kuupiga. Mrushaji anayeanza mchezo ndiye anayebebeshwa matokeo yake: timu ikishinda, ushindi unaandikwa kwa jina lake, ikishindwa, hasara nayo ni yake. Nilimwuliza kocha kama huo ni uadilifu. Alicheka mpaka akakohoa. "Binti," alisema, "huo ndio mchezo."

Klabu yetu ilishindwa karibu kila Jumapili. Mlinzi wetu wa katikati alikuwa fundi bomba mcheshi ambaye mpira wa chini ulimpita miguuni kama paka, na nyuma yake walikuwa watu wa makamo waliokuja zaidi kwa ajili ya bia ya baadaye. Mbele ya kundi hilo alisimama mrushaji mmoja, Espoir, kijana wa Bukavu mwenye miaka ishirini na mbili, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya kupakia maboksi katika ghala la jirani. Alijifunza mchezo shuleni hapa, baada ya familia yake kupata hifadhi. Kwenye karatasi alikuwa mrushaji mbaya: michezo tisa ameshindwa, miwili ameshinda. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya wavu nikiandika kila mpira, na nilichokiona hakikulingana na karatasi. Wapigaji walikuwa wanageuka kurudi benchini wakitikisa vichwa. Mpira wake ulifika kama umechelewa, kisha ghafla umeshapita.

Basi Jumapili moja jioni, kwenye ile meza ya jikoni, nikafanya jambo ambalo leo kila mtu wa mchezo huo analijua lakini mimi nilifika huko kwa miguu yangu mwenyewe. Nilifuta kila kitu kilichotegemea watu wengine. Nikaondoa ushindi na kushindwa, nikaondoa mipira iliyompita fundi bomba. Nikabakiza yale ambayo mrushaji huyafanya peke yake: ni wapigaji wangapi amewatoa bila wao kuugusa mpira, ni wangapi amewapa njia ya bure kwa kurusha ovyo, ni mipira mingapi imepigwa ikavuka ua wa uwanja. Nilipomaliza, Espoir hakuwa mrushaji mbaya. Alikuwa bora kuliko kila mrushaji wa timu iliyokuwa inaongoza ligi. Nilirudia hesabu mara tatu nikiogopa nimekosea. Wiki zilizofuata nikaomba karatasi za timu nyingine zilizokuwa mkiani, nikawapata wengine wawili wa namna yake, mwalimu wa shule na fundi umeme, watu waliodharauliwa kwa makosa ya wenzao. Sijawahi tena kufurahia kazi ya akili kama nilivyoifurahia ile. Nilihisi ninawarudishia watu haki yao.

Espoir alikuja siku moja nyuma ya wavu, jasho likimtiririka, akainamia daftari langu. "Dada, weye unaandikaka nini sana hivi? Si tumeshindwa tu?"

"Timu imeshindwa," nikamwambia. "Wewe hukushindwa."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Nikamwonyesha hesabu, safu moja baada ya nyingine. Akazifuata kwa kidole mpaka chini ya ukurasa. "Kwa kazi, banasema miye niko mpole, kama vile ni ugonjwa," alisema mwishowe. "Hakuna mtu alishawahi kuniambia kitu kama hii." Tangu siku hiyo, kila mchezo ukiisha alikuja kukaa nami kwenye nyasi, mkono wake wa kulia umefungwa barafu ya kantini, nami nikamsomea mchezo wake tangu mpira wa kwanza.

Ilikuwa katika kikao kimoja kama hicho, mwezi wa kwanza, joto limetuchoma wote, ndipo alipoinua ile barafu akanionyesha upande wa ndani wa kiwiko. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kwenye daftari: kila alipozidisha mipira themanini, mkono wake ulishuka na mipira ikaanza kwenda kokote. Sikuwa nimejua sababu. "Inaniumaka hapa," alisema. "Kuanzia ile ya themanini, inakuwa kama moto. Kocha wetu ananitoaka mapema, ule mzee ana huruma. Lakini dada, usiandike." Nikamwahidi kwamba sitaandika.

Wakati huohuo Nderitu alikuwa amesikia kwamba klabu kubwa ya ng'ambo ya jiji, yenye taa, viti na makocha wa kulipwa, ilikuwa inatafuta mrushaji wa kumalizia msimu. Aliniambia huku anakoroga ugali, mgongo amenipa. "Sis, andika ripoti. Kiingereza safi, na zile grafu zako. Hao watu nawajua, nitawapelekea mwenyewe." Niliandika kwa siku nane. Zilitoka kurasa kumi na mbili, na katika ukurasa wa kumi na mbili nilivunja ahadi yangu. Niliandika kwamba Espoir asirushe zaidi ya mipira themanini katika mchezo mmoja mpaka daktari amwone kiwiko, na nikaeleza sababu. Nilijiambia namlinda. Nilijiambia kwamba ahadi inayoweza kumvunja mtu mkono si ahadi. Huenda ilikuwa kweli, lakini sikumwambia Espoir kwamba nimeandika, na mtu aliye na uhakika na jambo lake hulisema waziwazi.

Nderitu aliisoma yote akiwa amesimama, mwiko mkononi. "Hii ni moto," alisema. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa mwisho. "Na hii ni lazima?"

"Lazima."

"Sawa," akasema, akaiweka ripoti juu ya friji, akapakua chakula.

Haikupita wiki mbili, Espoir akachukuliwa. Alinipigia simu ya nyumbani, na sauti ya mama yake ilisikika nyuma ikimshukuru Mungu kwa lugha tatu. Siku chache baadaye Nderitu naye alitangaza mezani kwamba klabu ileile imempa kazi ya kutafuta wachezaji. Alisema ni kwa sababu anajuana na watu. Tulimpigia makofi. Mimi ndiye niliyepika chapati za kumpongeza, nikasimama jikoni saa tatu nzima nikisukuma, na kila simu ilipolia nilidhani ni wao wananiita. Nilifikiri wataanza na yeye, kisha watauliza: na huyu Mwende aliyeandika haya ni nani? Nilikuwa nimeshachagua hata nguo ya kuvaa.

Mchezo wa kwanza wa Espoir katika klabu mpya ulikuwa Jumamosi alasiri. Nderitu alitupatia tikiti, lakini yeye alikaa chini kabisa, karibu na benchi, amevaa fulana yenye nembo. Mimi nilikaa juu, daftari magotini, na nikaandika kama kawaida, kwa mazoea. Espoir alikuwa mtu mwingine mbele ya walinzi wanaojua kudaka. Zamu baada ya zamu waliondoka kichwa chini wapigaji wenye majina. Watu walisimama. Mbele yangu, safu moja chini, walikaa wanaume wawili wa klabu, na mmoja alikuwa na karatasi mapajani. Alimwambia mwenzake, "Huyu Mkenya ana jicho. Amemtoa wapi huyu, kwenye timu ya walevi?" Mwenzake akasema, "Soma uone. Kijana ana akili ya ajabu." Niliinama. Zilikuwa grafu zangu. Ile yenye mstari wa vitone niliyoichora mara nne ndiyo iliyokuwa juu. Yule bwana akazifunika akarudi jaladani, na jaladani pameandikwa jina moja, jina la Nderitu, kwa herufi kubwa, kama mtu aliyejenga nyumba akaandika jina lake mlangoni. Kisha akafungua mwisho kutafuta kitu, na mwisho ulikuwa ukurasa wa kumi na moja.

Nataka kusema ukweli kuhusu dakika zilizofuata, kwa sababu ndizo zilizonifanya nisiseme kwa miaka ishirini. Mkono wangu uliendelea kuandika. Nilijua Espoir amefika mpira wa sabini na sita, kisha themanini, kisha themanini na tisa. Uzio ulikuwa hatua thelathini kutoka nilipokaa, na nyuma ya uzio alikuwapo kocha ambaye angenisikia nikipaza sauti. Nilijua ule ukurasa haupo, kwa hiyo nilijua kwamba mtu pekee mwenye habari ile, mbali na Nderitu na Espoir mwenyewe, ni mimi. Na nilichokuwa nawaza ni jina langu. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni siku gani aliichapa upya, kama ni ile niliyokwenda maktaba, kama alicheka alipokuwa anafanya, kama koti lile alilonivika alilitoa kwa moyo au kwa mahesabu. Nilipiga mstari wa mpira wa mia moja. Nilipiga wa mia moja na nne. Katika mpira wa mia moja na saba Espoir alipiga kelele fupi, si kubwa, kama mtu aliyeungua jikoni, na mpira ukaanguka karibu na miguu yake mwenyewe. Alitoka uwanjani ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama anambeba mtoto. Watu walimpigia makofi. Walidhani ni uchovu.

Asubuhi yake nilimkuta Nderitu mezani, anakunywa chai, gazeti limefunguliwa. Nikaweka mbele yake nakala yangu, kurasa zote kumi na mbili. Hakushangaa. Alivuta kiti cha pili kwa mguu wake ili nikae, na sikukaa.

"Sis, sikiza," alisema. "Ule ukurasa ungeua kila kitu. Nani ananunua gari lililoandikwa lina kasoro? Huyo kijana angebaki kupakia maboksi."

"Sasa hata maboksi hawezi kupakia."

"Makocha wana macho. Hiyo si kazi yangu."

"Na jina?"

Hapo aliweka kikombe chini, na akaongea kwa upole uliouma kuliko matusi. "Mwende, wewe una visa ya mwanafunzi. Na ungeenda na jina lako pale, msichana kutoka Mombasa, anayewafundisha Wazungu besiboli, wangefungua hata ukurasa wa kwanza? Mimi niliwafanya wasome. Nilitaka nikishaingia ndani, nikuvute. Kweli kabisa." Nilimwangalia, na jambo baya ni kwamba nilimwamini. Nafikiri alikusudia kunivuta. Nafikiri alikusudia mambo mengi mazuri maisha yake yote, na ndiyo maana kanisa lilijaa. Niliuliza kama atakwenda kuwaambia makocha kuhusu ukurasa. Alisema, "Ili iweje?" akageuza gazeti. Nilihama nyumba ile kabla ya mwezi kwisha. Alinisaidia kubeba godoro.

Kwa Espoir nilikwenda baada ya wiki mbili. Walikaa Rooty Hill, dakika kumi kutoka stesheni, nyumba ya chini yenye viatu vingi mlangoni. Mama yake alinikumbatia kabla sijajitambulisha, akasema, "Njo weye dada wa daftari," akaniketisha kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Nyumba ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu. Wadogo zake walikuwa wanatazama katuni. Mama aliwaambia kwa Kiswahili wazime, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba inakaribia kwisha. Espoir alitoka chumbani mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Daktari alikuwa amemwambia kano imekatika, kwamba atapona mkono wa kuvaa shati na wa kubeba mtoto, lakini si wa kurusha. Klabu ilikuwa imemtumia kadi. Aliniambia hayo kwa sauti ileile ya siku zote.

Nikamweleza yote. Sikuanza na Nderitu, ingawa njiani kwenye treni nilikuwa nimepanga kuanza naye. Nilianza na ukurasa wa kumi na mbili.

"Uliandika?" aliuliza.

"Niliandika."

"Nilikuambia usiandike."

"Ndiyo. Nilifikiri watakulinda."

"Na ule kaka akaitosha."

"Akaitoa."

Mama yake alikuwa amesimama mlango wa jikoni na bakuli la bugali mikononi, hatikisiki. "Sawa," Espoir alisema. "Ule kaka simujue. Ule alifanya kazi yake. Lakini weye nakujua. Kwa ile match, ilipofika themanini, nilikuangalia. Nikasema, dada iko anahesabu, akisimama miye natoka. Ungesimama tu. Haingekuwa lazima useme kitu." Alijaribu kuinua mkono kunionyesha nilipokuwa nimekaa, ukamkatalia, akaonyesha kwa kidevu. "Nilikuangalia mara mbili, dada. Ulikuwa unaangalia chini."

Nilikumbuka vizuri nilichokuwa naangalia. Mama yake akaweka bakuli mezani, akaleta maji ya kunawa, akaanza na mimi kwa kuwa ni mgeni. Aliponimwagia hakunitazama usoni. Kisha akamnawisha mwanawe mkono wa kushoto, polepole, kidole baada ya kidole, akatuambia tule kabla chakula hakijapoa.